Wakosaji wa Milimita

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia nikisugua bafu. Ningependa kusema niligongwa na pikipiki, au niliokoa mtoto wa mtu, lakini ukweli ni kwamba niliteleza kwenye povu nililolimwaga mwenyewe, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Wifi yangu alikuja hospitali, akaiangalia plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, akasema, "Afadhali ungevunjika mdomo. Bila mdomo wako tungefanya kazi kwa raha. Bila mkono wako tumekwisha."

Nilicheka mpaka nikaumia. Alipoondoka nililia, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sisi hutengeneza treni. Si kubwa, behewa moja urefu wake ni kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Ni mfano wa ile treni ya abiria iliyokuwa ikiwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, kabla njia ile haijaletewa treni mpya: chini kijani, juu rangi ya maziwa, na katikati mstari mwekundu mwembamba kutoka kichwa hadi mkia. Wanaonunua kwetu ni watu waliozeekea ndani ya treni ile, na watoto wao. Majirani husema tunacheza. Basi waseme. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Sisi tumepata mchezo mwema unaosomesha watoto.

Karakana ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, zamani kilikuwa banda la gari, na ndani tuko watatu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hukata shaba, huikunja na kuilehemu mpaka iwe behewa. Wifi hushona viti, hufunga taa na kuchonga abiria. Mimi ni rangi. Shemeji tunamwita Milimita, na yeye haoni kama ni utani. Ni mtu anayeupima mkate kabla ya kuukata. Kwenye shaba ndiyo usiseme, ana mkono wa birika. Unga unaodondoka kwenye tupa yake ya kusugulia shaba anaukusanya kwa brashi ya kunyolea ndevu na kuutia kwenye kopo, na sijui anasubiri uote nini.

Tunatengeneza kwa mafungu madogo. Fungu likianza, tunakata milango yote, kisha madirisha yote, kisha mapaa, na haitoki treni hata moja mpaka zote zikamilike. Na kila fungu lina Mkosaji wake. Hilo alituachia marehemu baba mkwe, aliyeianzisha karakana. Alijua kwamba mlango wa kwanza hukatwa vibaya, paa la kwanza hukunjika upande, na mstari wa kwanza hutetemeka. Kwa hiyo aliamuru vya kwanza vyote viwekwe kwenye behewa moja. Behewa hilo halichekwi, haliuzwi, wala halifumuliwi. Likimaliza kazi yake linapanda kwenye rafu iliyo juu ya mlango, likakae na wenzake wa mafungu yaliyopita. Kupotea njia ndiyo kujua njia, alikuwa akisema, huku akitugawia shaba.

Kazi ya mwisho kwenye kila fungu ni yangu, ule mstari mwekundu. Watu huniuliza kwa nini nisibandike utepe wa karatasi juu na chini nikapaka katikati. Ubavu wa behewa umejaa vichwa vya ribiti, misumari ya kuungia shaba, vidogo kama ufuta, na rangi hupenya chini ya utepe kila penye kichwa. Mstari wetu huvutwa kwa mkono mtupu, kwa brashi ya manyoya marefu, pumzi moja, bila kusimama. Ukisimama, panaonekana. Zamani nilikuwa nauvuta, nikimaliza naendelea na ugomvi wangu na wifi pale pale nilipoukatishia.

Nilipoanguka, fungu zima lilikuwa limekamilika isipokuwa mstari. Treni zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya mbele, kama watu waliovaa suti wakasahau mkanda. Wateja walipigiwa simu, wakaambiwa fundi wa rangi ameumia, na wote wakasema watasubiri. Nawashukuru mpaka leo, hata yule aliyeuliza kama siwezi kutumia mguu. Mume wangu, mwalimu wa hesabu ambaye hakuwahi kumfunga mtu kifungo cha nguo maishani mwake, alinivalisha, akanisuka nywele vibaya, akaosha vyombo bila kuambiwa. Wifi alikuja kila alipopata nafasi na kuniletea umbea. Milimita hakuja. Hata siku moja. Nikiuliza, wifi ananijibu, "Yupo. Ana kazi." Kazi gani, na fungu limekamilika? Nikaliweka hilo moyoni, na mimi nikiweka kitu moyoni hukipasha moto kila siku kisipoe.

Plasta ilipotolewa, mkono uliotoka sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, mkavu, na ukiuambia ushike kijiko unafikiria kwanza. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri, yaliyobaki ni mazoezi. Nikaminya mpira, nikakamua vitambaa, nikachora mistari kwenye magazeti. Magazeti hayana ribiti.

Siku ya kurudi karakana nilivaa aproni yangu nikachanganya rangi. Mkosaji wa fungu lile alikuwa mezani ananisubiri. Nikavuta pumzi, nikaweka brashi kwenye ncha ya behewa, nikavuta. Mpaka mlango wa pili mstari ulikwenda. Hapo kifundo kikaanza kutetemeka, na mstari ukapanda, ukashuka, ukaishia na tone. Nikamgeuza. Ubavu wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza.

Mkosaji ana mbavu mbili tu. Baada yake ni treni za watu. Nyekundu ikishaingia kwenye ribiti juu ya rangi ya maziwa haifutiki. Behewa zima lazima livuliwe rangi zote kwa dawa, na dawa ile hubandua kila kitu kidogo kilichogundishwa. Niliziangalia treni kwenye meza ya mbele, nikajua sitathubutu kuzigusa. Na kama siwezi kuvuta mstari, mimi ni nani ndani ya chumba kile? Kupaka kijani anaweza yeyote.

"Mpeni mchora mabango," nikasema. Yupo mmoja mtaa wa pili, ana mkono mzuri. "Fungu hili na yote yatakayofuata."

"Wifi, hii si ndiyo siku ya kwanza tu?" wifi akaniuliza.

"Sijakuuliza wewe." Nikamgeukia Milimita. Alikuwa ameinamia jiliwa lake, kile kibanio cha chuma anachofungia kazi mezani, anapiga tupa kama vile hakuna kilichotokea. "Na wewe, shemeji! Mkono umevunjika, umeunga, hujaja hata kunipa pole. Ningekuwa kipande cha shaba ungeniokota."

Tupa ikanyamaza. Nilidhani atanijibu, nami nilikuwa tayari na jingine.

"Basi kesho njoo uchukue brashi zako," akasema, akaendelea na kazi.

Nyumbani nilimweleza mume wangu jinsi kaka yake alivyonifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niende tu kesho, na akanipa mgongo haraka. Nikaona sasa ukoo wote umenikataa.

Kesho yake nilikwenda na mfuko wa kutilia brashi, na hotuba nimeiandaa njia nzima. Nilipofungua mlango ikanikauka. Meza yangu ilikuwa imejaa mabehewa kutoka ukingo hadi ukingo. Mapya, kijani chini, maziwa juu, hayana mstari.

"Haya ni nini?"

"Wakosaji," Milimita akasema. Mgongo wake ulikuwa umenielekea.

"Mkosaji ni mmoja."

"Fungu hili lina wengi."

Nikamwinua wa kwanza. Mlango wake umewekwa kichwa chini, kitasa kinagusa paa. Wa pili hana mlango wa dereva kabisa. Dereva wake angeingilia dirishani. Wa tatu paa lake limekaa nyuma mbele. Mwingine ngazi zake za kupandia ziko ndani. Na abiria! Wifi alikuwa amemlaza mmoja juu ya kichanja cha mizigo, na familia nzima ameiketisha ikitazama ukuta. Kijani nacho kilikuwa kimepakwa na wifi, ilionekana.

"Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utani. "Tangu ulipoanguka. Nilimwambia aje akuone. Akasema, nikienda mikono mitupu nitamwambia nini?"

Nikamwangalia mtu yule anayeokota unga wa shaba. Kila behewa pale mezani lilikuwa shaba nzuri, iliyokatwa na kulehemiwa makusudi ili mimi niiharibu. Alijua, kabla sijajua mwenyewe, kwamba mbavu mbili hazitanitosha. Ile hotuba sikuitoa. Nikavaa aproni.

Nikavuta mstari mbaya. Nikavuta mwingine mbaya. Hapakuwa na cha kuogopa; utamwogopaje mtu ambaye mlango wake uko kichwa chini? Kila nikimchukua mmoja nilitafuta kosa lake kwanza, nikilipata nacheka, nikicheka mkono unalegea, ndipo navuta. Siku zikaenda hivyo. Nilijaribu kuishika brashi juu zaidi, nikajaribu kukaa, nikajaribu kuegemeza kiwiko. Wapi. Halafu asubuhi moja, kwa uchovu tu, nikakiacha kifundo kipumzike nikavuta kwa bega, mwili wote ukitembea kando ya meza pamoja na brashi. Mstari ule haukunyooka sana, lakini haukutetemeka. Maisha yangu yote nilikuwa nimevuta kwa kifundo. Ningepewa mbavu mbili tu, nisingejua kwamba mwili una njia nyingine.

Tangu hapo kila Mkosaji alitoka afadhali kuliko aliyemtangulia. Wifi akarudia matusi yake ya kawaida, nami nikajua kweli napona.

Wa mwisho nilimvuta haraka, nikiwa na hamu ya kumaliza, nikasahau kutafuta kosa lake kwanza. Mstari ukaenda kichwa hadi mkia kama uzi uliokazwa. Nikamgeuza, ubavu wa pili vilevile. Nikamwinua kwenye mwanga wa dirisha ili nimcheke. Milango iko sawa. Vitasa viko sawa. Madirisha, ngazi, paa, taa. Abiria wameketi vizuri, mmoja anasoma gazeti. Nikachukua kioo cha kukuzia.

"Shemeji, huyu kosa lake ni nini?"

Wifi akaziba mdomo kwa kitambaa cha viti.

"Shemeji."

"Hana."

Nikageuka kuitazama meza ya mbele. Treni ya kwanza kwenye safu ilikuwa imepungukiwa na behewa lake la nyuma.

Hasira ndiyo iliyotangulia, siwezi kudanganya. "Umeniwekea behewa la mteja! Na kama ningeliharibu?"

"Lingekuwa Mkosaji," akasema. "Rafu ina nafasi."

"Na mteja?"

"Angesubiri. Si walisema watasubiri?"

Nilikaa kwenye kigoda nikalia wazi wazi, mtu mzima mimi, behewa nimelishika kwa ncha mbili nisiuguse mstari. Wifi naye akalia, huku akinilaumu kwamba namlowanishia viti. Tulipomaliza nikanawa uso, nikaisogeza treni ya kwanza mbele yangu, nikavuta.

Fungu lile limekwenda kwa wenyewe, treni zote, na mstari wake mimi nauona ni mzuri kuliko wa zamani. Siku sanduku la mwisho lilipofungwa tuliwaunganisha Wakosaji wote wakawa treni moja, tukawaendesha kwenye reli yetu ya majaribio. Behewa la nyuma lina mstari kama nyoka aliyeshtuliwa, na kadiri unavyokuja mbele mstari unatulia, mpaka unanyooka. Mume wangu alikuja kuangalia, akakiri kwamba alijua tangu mwanzo na kwamba siku ile alinipa mgongo asicheke. Wateja wawili wamekwisha kuwaulizia. Hawauzwi.

Wengine walipotoka kwenda kunawa, nikasimama karibu na Milimita. Alikuwa amerudi kwenye jiliwa lake.

"Ilikuwaje, shemeji, kukosea kote kule?"

Akafikiri. "Vigumu sana. Yule wa mlango nilimrudia na kumrudia. Kila nikimkosesha, anatoka sawa."

Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitasema, hata kama yeye atanuna. "Asante," nikamwambia. "Kwa shaba yote ile. Kwa kunirudishia mkono wangu. Na kwa kutokuja kuniona."

Hakugeuka. Mkono wenye tupa uliendelea kwenda na kurudi.

"Sogea kidogo, shemeji," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea. Mwanga wa dirisha ukaangukia meza yake, na jiliwani hamkuwa na kitu.