Pole za Zuwena

Siku ya thelathini na tatu tangu wamzike Zuwena, Bi Somoe alikuwa amejibu pole mia nane na kumi na mbili, na vidole vya Ziada vilikuwa vimechoka.

Kila baada ya sala ya alasiri wawili hao walikaa mkekani, ua wa nyuma, nyumbani kwao Kilwa Kivinje. Ziada, mdogo wake marehemu, alishika simu. Bibi yake alishika tasbihi. Ziada alisoma jina la mtu na alichoandika chini ya picha za dada yake. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo ni mtu wa wapi, kisha akasema, mwambie tumeshapoa, Mungu amlipe. Ndipo waende kwa mwingine.

Ziada alikuwa ameshamweleza kwamba mtandaoni watu hawajibiwi mmoja mmoja. Unaandika shukrani moja, inawatosha wote. Bibi akamuuliza kama matangani mtu husimama mlangoni akawaitikia waliokuja wote kwa mkupuo. Basi wakaendelea.

Zuwena alicheza mpira wa kikapu Dar es Salaam miaka sita, mpaka hata makondakta wa mabasi ya Mingoyo wakawa wanamwita kwa jina. Homa ya siku tisa ikamchukua. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi laki mbili, na alipokufa wakazidi badala ya kupungua. Walirudia kutazama michezo yake, wakasimuliana alivyofunga kikapu chake cha mwisho, wakaandika pole. Ukijibu ishirini, zinaingia arobaini.

Shida ilikuwa Suleiman, mwanawe Bi Somoe, mjomba wake Zuwena. Huyu anauza samaki wakavu sokoni, na ni mtu wa msikitini. Alikuwa amesema mbele ya ndugu wote kwamba siku ya arobaini, ikishasomwa hitima na nguo za marehemu zikishagawiwa, na ukurasa ufutwe. Maiti hufunikwa, alisema. Hapati usingizi akijua wanaume asiowajua wanamtazama mpwa wake akiruka kichwa wazi, na nyimbo zinapigwa, naye yuko kaburini.

Bi Somoe hakumbishia. Ndiye aliyemwosha Zuwena kwa mikono yake, akamfunika. Sitara aliijua. Kilichomkaa moyoni ni wale watu. Aliwaona kama wamesimama uani, kila mmoja na pole yake, na mtu aliyekuja kukuhani utamfungiaje mlango usoni?

Arobaini ikafika. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, nguo zikagawiwa. Viatu vya kuchezea havikupata mwenyewe. Vilikuwa namba arobaini na nne, na Kivinje nzima mwanamke wa mguu huo alikuwa mmoja tu. Shangazi mmoja akasema labda vipandiwe mchicha. Watu wakacheka kidogo.

Wageni walipokwisha kuondoka, Suleiman akanyoosha mkono.

"Mama, hiyo simu."

"Bado nina watu."

"Hawaishi hao, mama."

"Basi nipokelee mmoja. Mwanamume wa nyumba hii hajapokea pole hata moja humu."

Suleiman akaitazama simu, akamtazama mama yake, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu mwenye safari. Ziada akasoma iliyokuwa inafuata. Ilitoka kwa Benadetha, mwalimu wa shule huko Mtama.

"Poleni familia. Nafundisha wasichana mpira wa kikapu, na kikapu chetu ni pete ya pipa tumeipigilia kwenye mkorosho. Zuwena alituhadithia humu kwamba mpira wake wa kwanza alinunuliwa na mjomba wake huko Kilwa Masoko. Mjomba akauingiza nyumbani ndani ya gunia, akamwambia bibi ni boga. Wasichana wangu wameniagiza nimuulizie huyo mjomba. Wanasema pole ni yake kwanza."

Suleiman hakuwahi kutazama hata kipande kimoja cha michezo ile, kwa kuogopa dhambi; hakujua kama yule mtoto alilisimulia jambo lile kwa watu. Akavua kofia, akajifuta nayo uso. Bi Somoe akazisukuma punje tatu nne za tasbihi.

"Nilijua," akasema. "Boga halidundi."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, na mtoto anacheka?"

Suleiman akamwomba Ziada arudie kusoma. Alipomaliza, akasema zile picha za kichwa wazi zitolewe, na nyimbo nazo. Bi Somoe akasema hiyo ni haki ya marehemu, zitolewe leo hii. Ziada akawaambia zilizo kwenye kurasa za watu wengine hawaziwezi. Suleiman akaguna. Habari ya kufuta ukurasa haikutajwa tena, na Bi Somoe hakuiuliza.

Kisha Suleiman akataka aonyeshwe pa kugusa. Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia mkekani: Nimeshapoa, mwalimu. Viatu vyake vipo hapa, ni vikubwa. Tafuteni mguu.

Akamrudishia Ziada simu, lakini hakuinuka.

"Nani anafuata?" akauliza.