Msumari wa Mwaka Tisini na Nane

Nyumbani kwetu Tumati hatutupi kalenda. Mwaka ukiisha, mama anatundika mpya juu ya ile ya zamani, kwenye msumari uleule, na sasa ukuta wa sebuleni una kitu kinene kama godoro la mtoto. Ni kalenda za kanisa, karatasi moja ndefu, picha takatifu juu na miezi kumi na miwili chini. Nyumba nyingine huzitumia kujalidia madaftari ya watoto. Mama hakuturuhusu hata mara moja. Tulikwenda shule na madaftari yaliyojalidiwa magazeti, tukachekwa, na hatukujua kwa nini.

Mwalimu Xavery wa Maretadu naye hakutupa kalenda. Alinifundisha darasa la nne hadi la saba, na alipostaafu alianza kuzitafuta nyumba kwa nyumba, tangu ile ya mwaka sitini na tano. Alizipanga kwenye kuta za chumba kimoja, kila moja na msumari wake. Alikosa moja tu, ya tisini na nane. Mwaka ule wa mvua za El Nino mabati yalivuja na karatasi nyingi zililoa. Msumari wake ulikuwa tayari ukutani, mtupu, kati ya tisini na saba na tisini na tisa.

"Seti iliyokosa moja ni kama mtu asiye na jino la mbele," alikuwa akiniambia. "Hata acheke vipi, utaangalia pengo."

Nilimwelewa. Nimesoma utunzaji wa kumbukumbu chuoni, na nilirudi na ndoto kwamba chumba kile kitakuwa mahali ambapo wanafunzi wa Mbulu na Hanang wataletwa kuona miaka yao imesimama kwa mstari. Nilishaandika barua mbili kwa ofisi ya kata. Kwa hiyo lile pengo lilikuwa linaniuma mimi pia, na Januari hii ni mimi niliyefunua godoro la ukutani kwetu, karatasi baada ya karatasi, mpaka nikaikuta. Tisini na nane, kavu, imejaa penseli.

Mama alikataa. Nikambembeleza wiki nzima. Nilimwambia ni ya kuazima, Mwalimu ataiangalia, nitaipiga picha, itarudi.

Siku ya nane aliniita jikoni akanionyesha mwezi Machi. Tarehe tatu ilikuwa na duara. Tarehe kumi na nne ilikuwa na msalaba mdogo.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine," alisema. "Mvulana. Alikaa siku kumi na moja."

Sikuwahi kusikia hilo maishani mwangu. Mama aliniambia haraka, akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kwa bibi yangu mzaa baba, siku hizo, mwanamke aliyefiwa na kichanga alitengwa. Hakupita zizini, hakuchota maji na wenzake, na hakuna aliyemtaja mtoto mbele yake. Mtoto hakuwahi kubatizwa, kwa hiyo hayumo kwenye kitabu cha parokia. Alizikwa nyuma ya zizi la zamani, mahali ambapo baba mdogo amelima mahindi mara nyingi sasa. Mama alichukua penseli ya useremala ya baba, akaweka alama mbili. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu karatasi nzima ilikuwa na alama za ng'ombe na mvua.

"Kila tarehe tatu ya Machi naifunua," alisema. "Ikifika siku hiyo iwe imerudi."

Nikaahidi, nikampelekea Mwalimu bila kumtajia zile alama.

Tarehe mosi Machi, Jumamosi, nilipanda bodaboda kwenda Maretadu kuichukua. Mwalimu alikuwa mlangoni, amevaa sweta lake la kijivu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Njoo uone. Njoo kwanza uone, chai baadaye."

Aliniongoza chumbani kwa mkono, kama mtu anayekupeleka kuona mtoto aliyezaliwa. Msumari haukuwa mtupu tena. Tisini na nane ilining'inia mahali pake, imenyooshwa, na kwa mara ya kwanza kuta zote zilikuwa zimetimia. Alisimama kando yake kwa fahari. Mimi nilisogea karibu kutafuta mwezi Machi.

Ulikuwa mweupe.

Nikatazama Aprili, nikatazama Januari. Karatasi nzima ilikuwa safi kama imetoka kiwandani, ila hapa na pale palipokuwa pamekwanguka kidogo.

"Mwalimu, alama ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za penseli. Za mama."

"Aa, zile. Nimefuta." Alicheka. "Mama yako alikuwa ameichora kama daftari la darasa la kwanza. Nilianza na Januari asubuhi, nikafika Desemba jioni."

"Hata chakula hakula," alisema mkewe, Rogathe, ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Kifutio kikaisha, akanituma kwa jirani nikaombe cha mtoto wa shule. Mzee mzima."

Lazima niseme jambo moja hapa, kwa sababu hasira yangu haikuwa kwake peke yake. Kila mwisho wa mwaka, kabla ya kurudisha vitabu vya shule, Mwalimu Xavery alitukalisha na vifutio. Tulifuta kila alama ya penseli iliyoachwa na mwenye kitabu, majina, majibu, michoro ya pembeni, ili mtoto wa mwakani apokee kitabu kisicho na mtu ndani yake. Alipita kati ya madawati akikagua kurasa kwenye mwanga wa dirisha. Miaka minne mfululizo aliinua kitabu changu juu akawaambia wenzangu, tazameni, hivi ndivyo mtu anavyofuta. Nilikwenda nyumbani nikiringa.

Nikageuka nikazitazama zile nyingine. Nilikuwa nimeingia chumba kile mara kumi, na mara zote nilisifu jinsi zilivyo safi. Sabini na nne, safi. Themanini na nne, mwaka ambao wazee wote wa huku hawasahau ukame wake, safi. Nikaigeuza ile ya sabini na nne. Nyuma, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, aliandika: Imetolewa na Natalia, Dongobesh.

"Na hizi zote pia?"

"Zote. Kukusanya peke yake siyo seti, Evaline. Lazima zilingane."

"Kulikuwa na nini juu yake?"

"Nani anajua. Vimistari, ng'ombe, madeni ya chumvi. Uchafu."

"Ulifundisha watu kusoma miaka thelathini na saba," nilisema, "halafu watu wakakuletea walichoandika, ukakifuta bila kusoma."

"Chunga mdomo." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe kabla sijauzuia. "Hizi zilikuwa zinajalidia madaftari. Nyingine nilizitoa kwenye dari zimeliwa na panya. Nani mwingine alizitaka? Bila mimi zingekuwa majivu."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikamwambia. Nilimweleza duara na msalaba, siku kumi na moja, mahali palipolimwa. Nilimwambia kwamba alichofuta siku ile kilikuwa kaka yangu, na kwamba hapakuwa na karatasi nyingine duniani iliyojua kwamba aliishi.

Mama Mwalimu aliweka chupa chini. Mwalimu aliitazama ile kalenda, si mimi.

"Sasa," alisema mwishowe, kwa upole kabisa, "si angeandika kwa wino?"

Nilitoka. Sikuaga, sikunywa chai, sikuichukua hata kalenda yenyewe. Nilitembea kwa miguu nusu ya njia ya kurudi nikiongea peke yangu barabarani, na watu waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa kunitazama.

Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimwambia yote, pamoja na sehemu yangu. Vidole vyake havikusimama. Gunzi moja likaisha, akachukua jingine.

"Ulimuaga?"

"Hapana."

"Basi kesho utamsalimia tena."

"Mama, sitamwamkia yule mtu."

"Utamwamkia. Hasira yangu haitaingia nyumba ya watu bila hodi." Alirusha gunzi kwenye kikapu kwa nguvu, likaruka likaangukia nje. "Na wewe pia nina hasira na wewe. Usifikiri imekwisha kwa sababu umelia."

Jumapili tulipotoka misa hatukurudi nyumbani. Mama alikuwa na kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika, na matope ya Machi yalimpanda mpaka kwenye vifundo. Mlangoni alisubiri nianze.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema.

"Marahaba." Hakuonekana kuwa amelala vizuri. "Mama Evaline, karibu. Nimefikiria jambo hili. Niambie tarehe tu. Nitazirudisha zile alama mwenyewe, kwa penseli kali, kwa mwandiko mzuri. Hutaona tofauti."

"Shikamoo Mwalimu," mama alisema, akampita.

Chumbani hakuuliza ni ipi. Aliitoa kwenye msumari, akailaza juu ya meza ya Mwalimu, akainama. Akapitisha kidole cha shahada juu ya mwezi Machi, polepole. Kidole kikasimama kwenye tatu. Kikaenda, kikasimama tena kwenye kumi na nne.

"Ipo," alisema. "Nilibonyeza sana."

Akachukua mkono wangu akauweka pale. Ulikuwa mkwaruzo mdogo tu, kishimo ambacho jicho haliwezi kukiona, lakini kidole kilikitambua. Mwalimu alinyoosha mkono naye aguse, kwa mazoea ya mtu ambaye vitu vya chumba kile ni vyake. Mama aliusukuma mkono ule pembeni. Sijawahi kumwona mama akimgusa hivyo mtu aliyemzidi umri.

Juu ya meza kulikuwa na kalamu moja tu, kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mama aliichukua.

"Mama Evaline, siyo wino," Mwalimu alisema. "Tafadhali. Wino hautoki."

Mama aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyemaliza darasa la saba zamani. Aliandika kuanzia tarehe tatu, akavuka wiki, akavuka mistari, mpaka kumi na nne. TOMASO. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa na jina. Nadhani hata baba hakujua.

Wakati akipuliza wino ukauke, nilianza upande wa mlango. Nilifunua kalenda moja moja nikapiga picha migongo yake, kila jina na kila kijiji.

"Unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nakusanya, Mwalimu."

"Utawaambia?"

"Nitaanza na waliobaki hai."

Alikaa kwenye kiti chake. Alionekana mdogo, na moyo wangu ulitaka kulainika kama kawaida yake. Niliukatalia. Nilikuwa nimeshalainika Januari nzima, na matokeo yake yalikuwa mezani.

Mama aliikunja ile karatasi kuwa bomba, akaifunga kwa kitambaa cha kichwani mwake. Kichwa kitupu, akamuaga Mama Mwalimu kwa mkono, tukatoka. Tulikuwa tumeshafika kwenye ua wa minyaa tuliposikia kandambili nyuma yetu.

Nilifikiri anakuja kuomba msamaha. Mama naye alifikiri hivyo, kwa sababu alisimama, akageuka, akangoja.

Mwalimu alihema kidogo. Alitazama lile bomba la karatasi, halafu akanitazama mimi, halafu akalirudia.

"Lakini hapo baadaye," alisema, "mama yako akishapumzika. Itabaki kwa nani?"

Alikuwa ameshika tawi la minyaa kwa mkono mmoja bila kujua. Macho yake niliyafahamu. Niliyaona kwenye kioo chetu Januari, siku ile niliyofunua ukuta wa mama yangu bila kumuuliza ulikuwa na nini.

Mama alinitazama mimi.

"Ng'oa ule msumari, Mwalimu," nilisema.

Tukaondoka. Mvua ilianza tulipofika barabara kubwa, na mama aliingiza ile karatasi ndani ya kitenge, kifuani, akaifunika kwa mikono yote miwili mpaka nyumbani.