Mafuta Ukingoni mwa Sahani

...na haya si mafuta ya alizeti, hata wakimwapia, hata wifi yake alete chupa yenyewe mezani aigonge kwa ukucha, haya ni mafuta ya ng'ombe, yametoka kwenye mfupa, mfupa wa goti pengine, umechemshwa saa nyingi mpaka uboho wote ukayeyuka, kisha ukatolewa ukafichwa huko ulikofichwa, maji yake yakamiminwa kwenye maharage, na maharage yenyewe sasa yamo mdomoni mwake, hajameza, kijiko bado kiko hewani, na watu watatu mezani wanajifanya hawamtazami. Mume anakata mkate. Wifi anapuliza chai iliyokwisha kupoa. Na Chiriku, binti yake wa miaka minane, aliyepewa jina hilo kwa sababu zamani maneno yake hayakuwa na kituo, amenyamaza tuli, anatazama koo la mama yake aone kama litameza... ateme? Akitema, kwisha habari yake. Jamani, kumficha nyama mkaguzi wa nyama! Miaka kumi na mmoja alisimama machinjioni na buti zake nyeupe, akipasua matezi, akipapasa maini kutafuta minyoo, akigonga muhuri wa wino wa zambarau, huyu apite, huyu atupwe, wanaume wenye mabega mapana wakisubiri neno lake, leo mtu anadhani atamzuga kwa vitunguu vingi na giligilani! Kweli, aliacha kula. Hakuota ndoto, hakuhubiriwa, asubuhi moja tu mkono ulikataa kuuinua muhuri, akarudi nyumbani akasema kuanzia leo nyama basi, maziwa basi, mayai basi, na kazi nayo basi, mume akacheka, akadhani ni ya wiki moja. Na ugonjwa ulikuwepo kabla! Hilo ndilo hawataki kulisikia, miaka miwili kabla, akiwa bado anakula maini ya kukaanga kila asubuhi, alikuwa tayari hapati usingizi, anasikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga, lakini kwao mambo ni mepesi, ameacha nyama, amechanganyikiwa, basi, mrudishieni nyama. "Akili inataka damu, wifi yangu," ndivyo anavyosema huyu dada wa mume, aliyekuja kusaidia kwa wiki mbili mwenyewe alipotolewa wodi ya wagonjwa wa akili, huu mwezi wa tatu, jiko ni lake, kabati ni lake, mpaka kijiko cha chumvi unamwomba. Sema basi, sema sasa hivi, kuna nyama humu... hapana, ngoja kwanza, huwezi kusema, wewe miongoni mwa watu wote huwezi, kwa sababu ndivyo ulivyosema siku waliyokupeleka, kwa maneno hayohayo, mnanitilia kitu kwenye chakula, na siku ile hakukuwa na kitu, kilikuwa kichwa chako, umekiri, umelia mbele ya nesi, umewaomba radhi wote mmoja mmoja, na Chiriku alikuwa mlangoni na begi la shule mgongoni akikuona unaimwaga sufuria sakafuni. Sasa sema tena. Watu wengine wakikasirika wanaambiwa wana hasira, yeye akipandisha sauti kidogo tu wanakwenda kuhesabu vidonge.

"Yana nini, wifi? Chumvi imezidi?" Akatikisa kichwa, midomo kaifumba, hapana, chumvi haina neno. Haina neno! Wiki tatu anaionja ladha hii, na wiki tatu anajiambia ni wewe, ni kichwa chako kimeanza tena, meza, na amemeza, Mungu wangu, bakuli kwa bakuli, kisha anakwenda bafuni kujitazama kwenye kioo kama anayemchungulia mgeni. Yeye naye si malaika, anajua, aliwahi kumwaga maziwa ya mtoto kwenye sinki huku mtoto anatazama, aliwahi kumkalia mumewe kooni kwa sababu ya mkanda wa ngozi, mkanda tu, alikuwa hashikiki. Lakini amelegeza! Nani ameona? Vile vidonge vya jioni, ganda lake ni jelatini, na jelatini ni ngozi na mifupa, nani ajue kuliko yeye, alisoma karatasi ya kwenye boksi, akakaa nayo kitandani mchana kutwa, halafu akameza, na anameza kila siku, hakumwambia mtu, kwa sababu alitaka mikono isitetemeke asubuhi akimsuka Chiriku. Aliamua mwenyewe. Wangemwuliza tu, wangemwita wakamkalisha hapa wakasema, mwenzetu, damu yako iko chini, tunaogopa, kunywa hii supu mwezi mmoja, angekataa, angelia, na pengine, haki ya Mungu, pengine angekunywa. Ila waulize nani? Yeye si mtu wa kuulizwa siku hizi.

Akashusha macho kwenye sahani yake ili asimtazame mtu, na hapo akayaona, pembeni, pale mchuzi ulipopanda na kushuka, mstari mweupe, mwembamba, umeganda. Mafuta ya alizeti hayagandi, si kwenye chumba chenye joto namna hii, hata mtoto wa shule anajua. Hili huonji wala husikii, linaonekana, lipo pale kwenye ukingo wa sahani kwa yeyote mwenye macho... basi si kichwa. Ulimi wake ni mzima, pua yake ni nzima, wiki tatu nzima alikuwa mzima na akijizika mwenyewe, furaha ikamjia mpaka machozi yakamlenga, atamwonyesha mumewe, yeye maskini hajui, ni mambo ya dada yake haya, atamwonyesha taratibu, bila kelele, tazama hapa, baba Chiriku, tazama tu... na kabla hajanyosha kidole, mkono wa mume ukaja na kipande cha mkate, ukapita ukingoni mwa sahani yake, mara moja, ukafuta, mkate ukaenda mdomoni. "Kula, mama Chiriku, yatapoa," akasema, kwa ile sauti laini aliyoanza kuitumia tangu wodini. Hakumtazama. Ukingo ni safi. Na Jumanne, Jumanne iliyopita tu, kliniki, yeye mwenyewe alimwambia daktari, kwa aibu, ameinamisha kichwa, nasikia tena ladha ya nyama kwenye chakula, nadhani inarudi, na huyu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, goti lake limegusana na lake, daktari akauliza tufanyeje, na huyu, huyu anayetafuna mkate sasa hivi, akasema, "Mwongezee dawa, daktari." Maharage bado yamo mdomoni, kijiko bado kiko hewani, wifi bado anapuliza chai, na kwa mara ya kwanza tangu atoke wodini hajiogopi hata kidogo, amekasirika tu, kama mtu yeyote mwenye akili zake.