Wanaochoma Dhahabu Nyumbani

Swali la kwanza la utafiti la Elieth lilirudi likiwa limekatwa kwa wino mwekundu. Wanachuo wenzake wengi walikuwa wamechagua misafara ya zamani, maana Tabora hukosi cha kusoma kuhusu misafara. Yeye, mtoto wa Nzega, alitaka kuandika juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na aliuliza uchimbaji una athari gani kwa jamii. Mwalimu Majid alimwambia swali hilo ni pana mno, litammeza. Jamii ni nani? Athari ipi?

Akalipunguza, likarudi tena. Mwishowe akaja na hili: wanawake wanaochoma dhahabu majumbani wanajua nini kuhusu zebaki? Hapo Majid akatabasamu. Akamtuma atafute vyanzo mtandaoni, ila asibebe kila anachokiona. Atazame nani kaandika, lini, na kajuaje.

Swali hilo Elieth hakulitoa mbali. Mama yake, Koleta, aliwachomea wachimbaji dhahabu tangu alipofiwa na mume. Walimletea kidonge cheupe cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, anakiweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Elieth alikulia kando ya jiko hilo na hakuwahi kuliogopa.

Alikaa kwenye kompyuta ya maktaba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa muuza zebaki, akaupita. Uliofuata haukuwa na jina la mwandishi, akaupita pia. Kisha akaipata ripoti ya madaktari waliowapima wachomaji katika machimbo ya nchi nyingine, nayo ilikuwa na kila alichoagiza Majid. Akaanza kunakili: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, hasira za ghafla, ladha ya chuma mdomoni. Hapo kalamu ikasimama. Mwaka mzima mama yake alikuwa akilalamika kwamba chai ina ladha ya bati. Na kila alipoinywa aliimwagia nguo, majirani wakasema ni uzee, ingawa Koleta hakuwa ametimiza hamsini.

Mwisho wa wiki akapanda basi kwenda Nzega. Baada ya shikamoo na chakula, akamwomba mama yake achore kwenye karatasi mstari unaozunguka kama gamba la konokono, kama walivyochorishwa wale wa kwenye ripoti ili kupimwa mikono. Alisema ni ya masomo. Koleta aliinama mezani akiwa ameuma ulimi. Mstari ukatoka una meno kama msumeno. Akaucheka.

"Ningepelekwa shule ningeuchora vizuri," alisema.

Elieth akamweleza yote aliyoyasoma. Koleta alisikiliza bila kumkatiza, mikono yake ameibana katikati ya magoti.

"Huko mtandaoni wameandika kuna dawa?"

"Wameandika kwanza uache, Mama. Halafu uende hospitali."

"Kuacha nimesikia. Nimekuuliza dawa."

Elieth alikuwa amesoma kwamba zipo dawa za kuitoa zebaki mwilini, lakini mikono iliyokwisha kuharibika huenda isirudi. Hilo lilimshinda kulisema. Jioni mteja alipokuja, Koleta alilitoa jiko nje, akachomea uani. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyoipa ile ripoti.

Aliporudi Tabora, Elieth alimwomba Majid ruhusa ya kubadilisha swali. Mwalimu akashangaa, hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote darasani. Elieth alisema vyanzo havitoshi. Majid aliutazama mkoba wa Elieth uliotuna kwa karatasi, akamruhusu. Elieth akaandika juu ya bei ya pamba, akapata alama nzuri.

Koleta alikwenda hospitali kiangazi kilipoanza, akapewa vidonge. Kuchoma aliacha baadaye, mikono ilipokataa kushika koleo. Habari hiyo Elieth aliipata kwa simu kutoka kwa Doto, jirani yao, aliyesema kwamba sasa mama hushikiwa kikombe, na usiku halali, hukaa mlangoni akimwita marehemu mumewe aingie ndani.

Elieth alimshukuru kwa kumwangalia mama, kisha akauliza wachimbaji wanapeleka wapi dhahabu siku hizi. Doto akasema wanamletea yeye. Lile jiko amelichukua.

"Usichomee ndani, Doto," Elieth alisema.

"Nitachomea wapi?" Doto alijibu. "Huku mvua inanyesha."