Mtori Kabla ya Kipimo

Miaka kumi na tisa Mwalimu Abdiel amewakata watoto wa watu maksi kwa sababu hawakufuata maelekezo. Ya kwake aliyasoma, akayaelewa, akayakunja na kuyatia mfukoni, kisha akala mtori.

Yalianza na kidole tumbo. Walimpasua mjini, wakapeleka kile kinyama maabara, na baada ya wiki mbili Daktari Silantoi akamwita. Kumbe ndani yake mlikuwa na uvimbe wa nadra, mdogo kama harage, aina ya saratani iitwayo kasinoidi.

"Mwalimu, huu hukua polepole," daktari alisema. "Ukiwa umeishia hapo hapo, utastaafu na wajukuu utawaona. Ila ukishahamia kwenye ini, mazungumzo yanakuwa mengine. Ndiyo maana nataka tupime."

Kipimo chenyewe kilikuwa kukusanya mkojo wa siku nzima kwenye dumu. Siku tatu kabla yake, marufuku nanasi, parachichi na ndizi za aina yoyote, mbichi, mbivu au za kupika, maana hupandisha kemikali ile ile inayotolewa na uvimbe.

Sasa mwambie mtu anayeuguza mshono Nkoaranga, nyumbani kwa mama yake, asile ndizi! Kwa Wameru aliyepasuliwa hulishwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni mpaka kidonda kifunge, na kuukataa ni kutangaza kwamba kuna jambo. Abdiel hakutaka mama ajue. Baba yake alikufa kwa saratani ya koo, na mama ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Basi akala bakuli baada ya bakuli, akijipa moyo kwamba hakitaharibika kitu. Siku ya kupeleka dumu aliulizwa kama alifuata masharti. Akajibu ndiyo, tena bila kupepesa macho.

Majibu yakatoka mara tatu ya kiwango cha kawaida. Daktari Silantoi aliyasoma, akarudia kuyasoma, akavua miwani.

"Itabidi tulipige picha ini," alisema.

Abdiel aliogopa, jamani, mtu mzima na ndevu zake. Aibu ilimkaba, lakini hofu ilikuwa na nguvu zaidi.

"Daktari, nilikula mtori."

"Lini?"

"Kila siku."

Daktari akarudisha miwani usoni. "Basi hatujui kitu. Inawezekana ni ndizi, inawezekana si ndizi. Tutarudia, na safari hii usinidanganye, mwalimu."

Kutoka kituo cha basi Abdiel alipanda kwao kwa miguu, akisimama kila baada ya hatua chache. Daktari alikuwa ameshamuuliza kama uso wake huwaka moto ghafla, akisema hiyo ni dalili ya uvimbe uliosambaa. Sasa uso ulikuwa unawaka. Akajiambia ni jua na mlima. Akasimama kwenye kivuli cha kahawa asubiri upoe, na ulipochelewa kupoa, akaacha kusubiri, akaendelea kupanda.

Mama alikuwa jikoni, chungu kiko mafigani.

"Shikamoo, mama. Leo sitakula mtori."

Akamweleza yote, uvimbe, ini, dumu, na uongo wake. Mama aliketi kwenye kigoda na mwiko wake mkononi.

"Kwa hiyo ni chakula changu kilichopandisha hicho kipimo?"

"Huenda, mama. Tutajua wiki ijayo."

"Na kama si chakula changu?"

Swali hilo Abdiel alikuwa amelikimbia tangu mjini.

Mama aliuweka mwiko chini. Akapiga magoti pale pale kwenye majivu, akafumba macho na kuanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Abdiel alisogea karibu, na akamsikia akimsihi Mungu kosa liwe lake yeye na mtori wake.