Mafundi Wanne wa Bagara

Jumatano ile Zabron alitoka nyumbani Bagara saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mutuka kutazama matofali ambayo tajiri wake alitaka kuyanunua. Alikunywa chai amesimama, akalalamika kwamba sukari imezidi. Saa tano aliletwa amelazwa nyuma ya pikapu, amefunikwa turubai la bluu. Pikipiki aliyopanda ilikuwa imekutana na lori kwenye kona. Mkewe Josephina alikuwa anafua. Alifuta mikono kwenye kanga kwanza, ndipo akaenda kutazama, na hadi leo hajui kwa nini alijali kufuta mikono.

Simu ya Zabron ilisagika pale pale, na picha zote za nyumbani zilikuwa humo. Simu ya Josephina ilikuwa kitochi kisichopiga picha. Kwa ajili ya mazishi walikuza picha ya kitambulisho ili iwekwe juu ya jeneza. Ikatoka nyeusi, ya mtu mwenye mashavu yaliyovimba. Mama mzazi wa Zabron aliitazama akauliza, "Huyu nani mmemleta?"

Binti yao Frida alikuwa na miaka mitatu. Alipofikisha mitano alianza kuuliza baba yake alifananaje. Josephina alimwambia alikuwa mrefu, mweusi, ana mwanya. Frida akafikiri, akauliza kama alifanana na Mwalimu Wiliam wa chekechea. Kesho yake akauliza kama alifanana na muuza mkaa. Hapo Josephina akaingiwa na hofu, maana hata yeye, akijaribu kuuona uso wa mumewe, siku nyingine alijiwa na ule wa kwenye jeneza.

Basi Xaveri alipokuja na habari, Josephina hakumwacha hata akae. Xaveri alikuwa fundi mwashi mwenzake Zabron, na tangu msiba alikuwa akipita kuwajulia hali.

"Shemeji, yule Mchina wa sanduku amerudi. Ametundika picha zake ukumbini karibu na stendi. Nimeambiwa na sisi tumo."

"Wewe na nani?"

"Sisi wanne. Ile picha ya kwenye jengo."

Josephina aliikumbuka siku ya picha ile. Miezi miwili kabla ya ajali, Zabron alirudi nyumbani akicheka, akasema amesimamishwa kama nguzo ya umeme na Mchina aitwaye Bwana Lu. Kamera ya mtu huyo ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, ikibebwa na watu wawili. Filamu yake moja ilikuwa pana kama kioo cha dirisha, na picha hutoka ukubwa ule ule wa filamu, haikuzwi, ndiyo maana huonyesha hata uzi wa shati. Ila ilitaka utulivu. Sekunde kumi na tano mtu asitikisike. Na filamu ilikuwa moja tu kwa kila kundi, hakuna kurudia.

Jumapili baada ya misa, Josephina alimvalisha Frida gauni la Krismasi, akamwambia, "Leo unakwenda kumwona baba." Alimwambia hivyo hivyo. Njiani Frida alimwambia kila aliyekutana naye.

Ukumbini watu walikuwa wengi. Vijana walikuwa wamekusanyika mbele ya picha ya viboko wa ziwani, wanabishana kama ni viboko au mawe. Kwenye ukuta wa pili alikuwa Mzee Gidamis wa Sigino, mfugaji, ameketi kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa wazi kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabu nywele za nyusi. Picha iliyofuata ilikuwa ya mafundi.

Josephina alianzia chini, kama mtu anayechelewesha kufungua barua. Aliona viatu vya Zabron vyenye saruji. Aliona mikono, na kwenye mkono wa kushoto kucha nyeusi ya dole gumba, aliyoigonga kwa nyundo. Alikuwa ameisahau kabisa kucha ile. Aliona kifungo cha tatu cha shati, alichokishona yeye kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Ndipo akapandisha macho.

Juu ya kola hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitu kama moshi, kimevutwa kwenda upande mmoja. Xaveri alikuwepo na macho yake, Paskasi alikuwepo, Aniceti alikuwepo na jasho puani.

"Mama," Frida aliuliza, "kwa nini huyu amefutwa?"

Josephina alimgeukia Xaveri, aliyekuwa amesimama nyuma yao ameshika kofia.

"Ilikuwaje?"

"Sikujua imetoka hivi, shemeji. Haki ya Mungu sikujua." Xaveri alishusha sauti. "Tuliambiwa hata nzi akitua tusimfukuze. Tukakaza shingo. Mara Mzee Gidamis huyo, anapita na fimbo yake. Sisi tukanyamaza. Mumeo akageuka, shikamoo mzee. Na mzee hasikii. Mumeo akarudia. Akarudia tena, anamfuata kwa uso mpaka akaitikiwa."

"Mkashindwa kumwambia atulie?"

"Tungemwambiaje na sisi tumekatazwa kufungua mdomo?" Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mzee alikwenda akatangaza Sigino nzima kwamba mafundi wa Bagara hawana adabu, isipokuwa mmoja."

Mzee Gidamis mwenyewe alikuwa kwenye benchi chini ya picha yake, watu wakimpongeza. Josephina alipomwona, alitaka kupita bila kumwamkia. Tangu azaliwe hakuwahi kumpita mtu mzima hivyo. Alifika hatua tatu mbele, miguu ikakataa, akarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Ee?"

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Mke wa Zabron. Yule fundi."

"Yule mwenye adabu." Mzee alinyoosha fimbo kuelekea picha ya mafundi. "Wale wengine walinitazama kama mbuzi. Mwambie Gidamis anamsalimu."

"Amefariki, mzee."

"Amefanya nini?"

"Amefariki."

"Amesafiri? Wapi?"

Josephina alikuwa amepokea rambirambi miaka miwili, na siku zote neno lile walilisema watu wengine. Yeye alizoea kusema hayupo. Akavuta pumzi.

"Amekufa, mzee! Zabron amekufa!"

Ukumbi mzima ukageuka, hata vijana wa viboko. Frida, aliyekuwa amemshika mama yake gauni, aliachia. Mzee Gidamis aliiweka fimbo sakafuni, akamshika Josephina mikono yote miwili na kusema maneno ya kwao, ambayo Josephina hakuyaelewa. Hakumwambia mzee habari ya picha. Xaveri naye hakusema.

Bwana Lu alikuja, mtu mwembamba mwenye nywele nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kimepangwa neno kwa neno.

"Pole sana, mama. Mimi sikujua."

"Hakuna nyingine? Hata iliyoharibika?"

"Filamu ni moja. Hii ndiyo yenyewe." Alisita. "Naweza kukutengenezea nakala. Bure. Lakini uso utakuwa hivi hivi."

Josephina alitaka kusema hapana. Mtoto atakua akijua baba yake ni moshi. Aliitazama tena kucha ya dole gumba, mpaka Bwana Lu akadhani hakueleweka na kuanza kurudia.

"Nimesikia," alisema Josephina. "Tengeneza."

Nyumbani Frida alivua gauni mwenyewe, akalikunja vibaya, akaenda kucheza. Hakuuliza kitu siku hiyo, na tangu hapo hajauliza.

Picha zinashushwa Jumamosi hii. Zinakwenda Dodoma, kisha kwao Bwana Lu. Nakala itachukua kama miezi minne, na itakuja kwa sanduku la posta la parokia, kwa kuwa Josephina hana sanduku lake.