Chupa Yenye Picha ya Farasi

...na hii barafu nayo, mbona inang'ang'ania hivi, Yudith akaigonga trei kwenye ukingo wa kaunta, mara mbili, mara tatu, halafu akasita, maana ukingo huo marehemu mume wake Timotheo alikuwa hataki kabisa ugongwe, mninga huo, Mama Imani, mninga wa watu haugongwi, ungedhani ni mtoto wake, haya, sasa mwenyewe hayupo, akagonga tena, barafu ikafyatuka, kipande kimoja kikaserereka mpaka chini ya kiti kirefu chenye ngozi nyekundu, akakiacha hukohuko, nje kina Godfrey wameegemea lori dogo walilokuja nalo kutoka Mikumi, wanamngoja, amewaambia nipeni dakika kumi kuna kitu namalizia, kitu gani, atawaambiaje kwamba yeye, binti wa katekista wa Mamboya, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, amesimama nyuma ya kaunta ya pombe Jumanne saa tano asubuhi, kopo la kutikisia mkononi na daftari la mume wake limefunguliwa mbele kama kitabu cha nyimbo, ee Mungu wangu, angepita hapa Mama Upendo wa kwaya angezimia... ni mara moja tu, kwanza sinywi, nautengeneza tu ule mchanganyiko wake, nauweka pale kwenye kona yake, halafu wabebe, kaunta, viti, kioo chenye maua pembeni, taa ya shanga, santuri, glasi zote na hili daftari, Godfrey amefungua nyumba ya wageni anataka chumba kimoja kiwe cha kizamani, alipoingia hata shikamoo alikuwa anaisahau, alisimama mlangoni macho yamemtoka, shikamoo mama, yaani mama mlikuwa na hiki kitu hapa Kilosa mmekaa nacho kimya, na Imani kwenye simu kutoka Dodoma, mama uza tu, si ulikuwa huipendi, ni kweli, hakuipenda, aseme uongo wa nini, siku Timotheo alipoileta kutoka Kimamba, ile klabu ya wazee wa mkonge inabomolewa, ikaletwa na trekta, majirani wote wamesimama barabarani, Yudith aliingia chumbani akalia kwa aibu, baa sebuleni, mume anafanya kazi ya baa huko hotelini Mikumi siku sita, siku ya saba analeta baa nyumbani...

Nusu ndimu, daftari linasema, na mwandiko wake huo ulioinama utadhani unapanda mlima, nusu ndimu, kamua kwa mkono usikamulie mbegu, akakamua, mbegu zikaingia, akazitoa kwa kidole, chungwa moja la Matombo kama lipo, hakuna la Matombo Timotheo, nimenunua la sokoni usinisumbue, ute wa yai moja, kiini wape kuku, hapo akacheka kidogo, kicheko kikamgeuka katikati, ikabidi ashike kaunta, si umelia wiki zote hizi, arobaini imepita, watu wamekula wali wakaondoka, bado unalilia kiini cha yai, jamani... "Mama Imani, tuanze na viti?" sauti ya Godfrey, "Bado!" akajibu, kwa ukali asioutarajia, bado, Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko, anashuka kwenye basi la Mikumi mchana, anaoga, halafu ndani ya nyumba yake mwenyewe anavaa shati jeupe na tai ya kipepeo, anasimama hapahapa, karibu mgeni wangu, mgeni gani na watoto wamejaa kamasi, anaweka santuri, anatikisa hilo kopo juu ya bega huku ametega sikio, anasema barafu ikishaiva utaisikia sauti inabadilika, anamimina kwenye ile glasi bapa ya mguu mrefu, povu linakaa juu jeupe, anamletea kwa mikono miwili, na Yudith anasema asante Baba Imani, anatoka nayo barazani eti kupunga upepo, na hapo barazani kuna chungu cha ua...

Kila Jumanne akalimwagia ua lile, hata alipostaafu miaka minane iliyopita Jumanne ikabaki Jumanne, anamwaga polepole isisikike, anakaa kidogo, anarudi ndani na glasi tupu akijifuta midomo, Bwana anisamehe, midomo mikavu naifuta, "Tamu?" "Tamu," halafu mume wake anasema, kila mara, humo hamna kitu mke wangu, humo hamna kitu, lakini ni mlevi gani duniani amewahi kukubali kwamba mna kitu, na yeye Yudith hakuwa kipofu, alikuwa anaiona kwa macho yake chupa inayotoka kwenye friji, ile ya brandi yenye picha ya farasi, na harufu yake kali ya karafuu, na yeye alishaapa mbele ya padri na akina mama wenzake kwamba kilevi hakitapita kinywani mwake, ungefanyaje, ugombane na mwanamume kila wiki au umwagie ua, akamwagia ua, akina mama wakija kwa sala anatandaza vitambaa vya kufuma juu ya kaunta yote, Biblia katikati, na Timotheo mwenyewe anamsaidia kunyoosha pembe, anamnong'oneza, imekuwa altare kabisa, hapa hata askofu aje... vidole viwili kutoka chupa ya farasi, haya, tumefika sasa, dhambi yenyewe hii hapa, akaenda kwenye friji, ilikuwa chini kabisa nyuma ya sufuria la maharage, imebaki kidogo, akaimimina yote ndani ya kopo uso ameugeuza pembeni ya bega, ikadondoka nzito, nzito mbona, inadondoka kama asali, pombe gani hii nzito, akafunga kopo, akalitikisa, baridi ikamng'ata viganja, akatega sikio kama alivyokuwa akitega mume wake, kwanza inagonga, inagonga, halafu kweli sauti ikawa laini, akamimina, povu likapanda, na kwa sababu daftari lilikuwa linataka kujifunga akalishika, ukurasa ukageuka.

Nyuma ya ukurasa Timotheo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu. Chupa ya farasi, ya Mama Imani peke yake, asipewe mgeni. Sukari, maji, karafuu, maganda ya chungwa, chemsha mpaka ivute. Kilevi usitie hata tone, ameapa kanisani. Na chini yake, kwa kalamu nyingine, ya siku nyingine, sukari punguza, ua linakauka.

Akasoma tena, ua linakauka, akatazama mlango wa barazani, ua limesimama palepale na majani yake mapana, limenona, lilikuwa limekauka lini, ndiyo, mwaka ule sisimizi walijaa kwenye chungu akalaumu udongo, kumbe, kumbe mtu huyu alikuwa anajua, alikuwa anajua miaka yote hiyo, anavaa tai, anatega sikio, anatikisa, analiletea ua, na anaona mke wake anarudi akifuta midomo mikavu, na anamwuliza tamu, na hasemi, ewe Timotheo, ungesema, ungenifokea tu hata siku moja... na wiki ile ya mwisho ya uhai wake, Yudith alipotoka kwenye mazoezi ya kwaya akakuta nyumba nzima inanukia karafuu, Timotheo amesimama jikoni na kifua chake kile, ameshika ukuta, Yudith akamfokea, unaumwa hivyo na bado unachemsha mapombe yako, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ni yako hiyo, alisema, ni yako hiyo mke wangu, na yeye akamjibu mimi sina changu humo, Mungu wangu, nilimjibu mimi sina changu humo, na chupa ndiyo hiyo nimeimaliza, hakuna mwingine atakayechemsha... miguu ilikuwa imeshaanza kwenda barazani, glasi mkononi, miguu imezoea, akaisimamisha, akarudi, akapanda kiti kirefu ambacho hakuwahi kukikalia hata siku moja, povu likamgusa pua, akanywa, karafuu, ndimu, chungwa la sokoni, akanywa mpaka barafu ikamgonga meno, machozi yanashuka yenyewe hakuyafuta.

"Sukari imepungua, Baba Imani," akasema.

"Unasemaje mama?" Godfrey alikuwa mlangoni, kamba begani. "Tubebe?"

"Sisemi na wewe, mwanangu," alisema Yudith, glasi tupu ameishika kwa mikono miwili. "Ngojeni hukohuko nje. Leo ni Jumanne."